Sahani Unayowekewa Kila Jumamosi

Baba Edith,

Jumapili ulipopiga simu kutoka Göteborg nilidhani unamuulizia mtoto. Kumbe ulitaka nikueleze jinsi mama yako alivyopika yale madonge ya maini ya nguruwe ya kwenu Dudley, eti huyo mwanamke wako wa huko ana hamu ya kuyaonja! Nilikata simu kwa sababu Edith alikuwa karibu, na mdomo wangu ulikuwa umejaa matusi. Sasa nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Unakumbuka ulipomleta mama hapa Vällingby? Kiswidi hakujua hata neno, Kiingereza tu, akawa anaogopa kila kitu isipokuwa jiko. Jumamosi ya kwanza tulikwenda buchani sote watatu. Maini na moyo tulipata, lakini tulipotaka ule utando wa mafuta unaofunika matumbo, ili tufungie madonge, mwenye bucha aliuliza kama ni wa mbwa. Ukamtafsiria mama huku unacheka. "Mwambie ndiyo," akakuambia, "na mbwa mwenyewe ni wewe." Nilikupenda sana siku ile, nasema bila haya.

Mimi nilisaga nyama, mama akapima majani ya kiungo ya salvia na mkate mkavu kwa kiganja. Nilifunga donge langu kama mzigo wa kuni, akanicheka. "Polepole, binti yangu, utando huu unachanika."

Halafu ukaenda Göteborg kikazi. Wiki mbili, ulisema. Kila Jumamosi mama alikuwekea sahani: madonge mawili, njegere za kuponda, mchuzi, na sahani nyingine juu ili visipoe. "Leo atakuja," alisema. Jumapili nilivila mimi, kwa hasira, maana nisingeweza kumwaga chakula chake akiniona. Miguu ilipomshinda alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akinielekeza, na sahani yako ikawekwa vilevile. Ulikuja kumzika ukaondoka na treni ya jioni. Hukuuliza hata alikula nini mara ya mwisho.

Nina hasira na wewe. Si kwa ajili ya huyo mwanamke, kaa naye. Mama yako alikufa akitazama mlango, na leo unaagiza chakula chake kwa simu kama mtu anayeita teksi!

Kwetu Nyeri binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nilipokueleza ulifurahi, na mama alilia alipombeba mjukuu anayeitwa kama yeye. Kwa desturi yetu, huyu naye ni mama yako. Sasa anapanda kile kigoda na kufunga madonge mwenyewe, hakuna linalochanika. Nikimwambia kwa Kiswahili aongeze chumvi, ananijibu kwa Kiswidi kwamba bibi hakutia nyingi hivyo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa wawili mezani. Edith akachukua sahani ya tatu, akaweka madonge mawili, akafunika. Nikamuuliza ya nani.

"Pappa kommer idag," akasema. Baba anakuja leo.

Nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Kwa hiyo sikuelezi chochote. Ukitaka kujua yanavyopikwa, njoo Jumamosi umuulize Edith. Kama huji, piga simu umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba huji. Edith wa kwanza ulimngojesha mpaka akafa. Huyu sikupi umngojeshe.

Mimi,
Mama Edith