Chupa Yenye Mwandiko wa Bibi

Langeland, tarehe 9 Julai

Dada yangu Sidsel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani wewe, na ule mguu ulioteguka kwenye barafu umepona? Wagonjwa wako huko Greenland wanaendeleaje? Je, umelizoea jua lisilozama, au bado unatundika blanketi dirishani upate usingizi? Sisi huku wazima, kwa maana kwamba tunakula, tunakamua ng'ombe na kulala. Baba analalamikia mgongo, na kama unavyomjua, hataki kusikia habari za daktari. Viazi vipya vimetoka, na mwaka huu ni vitamu hata bila siagi.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi kutoka kwangu. Wiki hii nimekupigia simu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukueleza hali ya hewa. Ukisikia sauti yangu inatetemeka utaanza kunituliza, nami nitakubali kutulizwa, na jambo lenyewe litabaki tumboni. Karatasi hainitulizi. Ninakuomba kitu kimoja: isome yote hadi mwisho kabla hujatia sahihi kwenye ile fomu aliyokutumia Baba.

Unajua kwamba nilirudi kutoka Aarhus mwanzoni mwa Juni, baada ya mitihani ya mwaka wa tatu wa sheria. Sikukaa hata siku tatu kabla meza ya jikoni ya Bibi haijageuka ofisi. Kila mtu wa barabara yetu alikuwa na swali la sheria alilokuwa amelitunza tangu Krismasi. Msusi wa Tranekær alitaka kujua kama mteja anaweza kukataa kulipa kwa sababu tu rangi ya nywele haikumpendeza mumewe. Mama mmoja alikuwa amenunua mashine ya kufulia kwa jirani, ikafa wiki ya pili, na sasa hawasalimiani kanisani. Jirani yetu Kaj Ove ndiye alikuwa kinara. Aliingia bila kubisha, akavuta kiti, akasema, "Haya, Bi Wakili, nihudumie sasa hivi kabla hujawa ghali." Swali lake lilihusu viatu vya mpira alivyoagiza kwa mtandao, vikaja vinambana. Nilimwambia ana siku kumi na nne za kubadili nia na kuvirudisha. Akauliza kama siku hizo zinahesabika hata kama ameshavivaa zizini. Bibi alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Kaj Ove," alimwambia, "hivyo viatu hata ng'ombe amevijua. Nani atavipokea?"

Nakuandikia haya ili ujue jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa nimerudi mtu mwingine. Watu wazima walinyamaza nilipofungua kinywa. Jioni nilitembea hadi kibandani kwa Bibi barabarani nikiwa nimejaa majivuno, kama mtu aliyevishwa joho.

Jumamosi ya tarehe 27 Juni, Bibi alipeleka kibandani chupa kumi na moja za sharubati ya maua ya hyld, ule mti wetu wa maua meupe. Unakumbuka anavyofanya: chupa zilezile za zamani zenye vizibo vya waya, na kila moja ina karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ya buluu. Sharubati ya maua. Changanya na maji. Kisha akarudi ndani, kama anavyofanya kwa miaka arobaini, akawaachia wapita njia wajichukulie na kutia pesa kisandukuni au kulipa kwa simu. Hakuna anayewaangalia. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba kuna haja.

Alasiri ile, katika nyumba moja ya likizo karibu na ufuko, mtu anayeitwa Preben Lyngsø alimimina kimo cha vidole viwili kutoka chupa mojawapo kwenye bilauri, akajaza maji. Ni dereva wa basi kutoka Svendborg. Alijaza bilauri mbili, ya kwake na ya mjukuu wake wa miaka sita. Mtoto alikimbilia ndani kutafuta barafu. Mzee alikuwa na kiu, hakumngoja. Alikunywa funda moja.

Haikuwa sharubati, Sidsel. Ilikuwa dawa ya kusafishia mabomba ya maziwa, ile ya kwetu zizini, ile ambayo Baba hakuturuhusu hata kusimama karibu nayo tulipokuwa wadogo. Ilimchoma ulimi, koo na njia ya chakula. Walimpeleka hospitali ya Odense kwa helikopta. Hadi leo analishwa kwa mpira. Daktari alimwambia mkewe kwamba kama angekunywa bila kuchanganya na maji, wasingekuwa na mtu wa kumtibu.

Polisi walifika kwanza, kisha mkaguzi wa vyakula, Bi Hjortkær, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini ambaye nilimwogopa kuliko polisi. Aliketi kwenye kiti kilekile cha Kaj Ove. Aliuliza chupa nyingine kumi ziko wapi. Hatukujua. Hilo ndilo lililomvunja Baba: biashara isiyo na muuzaji haina pia orodha ya wateja. Waliolipa kwa simu tuliwapata kwa majina, sita. Wanne walikuwa wametia sarafu na kwenda zao. Bi Hjortkær alieleza kwamba anayeuza chakula akijua kina hatari, ni wajibu wake kukiondoa na kuwaonya watu mara moja, kwa njia zote. Baba aliendesha gari nyumba kwa nyumba siku mbili. Tulibandika tangazo dukani, kanisani, kwenye kivuko. Redio ilisoma. Watu walimwaga sharubati ya Bibi kwenye sinki, hata ya mwaka juzi. Kila simu ilipolia Baba alishika ukingo wa meza kwanza, ndipo akaipokea. Jumatatu jioni chupa ya mwisho ilipatikana kwenye buti la gari la wapenzi wawili Wajerumani, haijafunguliwa. Ilikuwa sharubati tupu. Zote kumi zilikuwa sharubati tupu.

Basi likabaki swali la ile moja, na mwandiko wa buluu ulikuwa wa Bibi.

Hakuna aliyemshutumu. Afadhali wangemshutumu. Walianza kumzungumzia kwa upole. Baba alikumbuka kwamba Pasaka aliacha miwani ndani ya jokofu. Shangazi akakumbuka kwamba alimwita ng'ombe kwa jina la yule aliyekufa. Kaj Ove, ambaye hana ubaya, alisema mama yake naye alianza hivyohivyo, na mwishowe alikuwa akitia sabuni kwenye supu. Kufikia Jumatano kila mtu alikuwa na hakika: Bibi alijaza chupa kwenye dumu la dawa akidhani ni sufuria ya sharubati.

Baba aliniuliza mezani, mbele ya wote, "Haya, wewe ndiye msomi. Kisheria ni kosa la nani?" Nikajibu kama niko kwenye chumba cha mtihani. Nilisema sheria haimwulizi mwuzaji kama alikusudia. Inauliza kama bidhaa ilikuwa na hatari, kama imemdhuru mtu, na nani aliyeitoa kwa wanunuzi. Kibanda ni cha Bibi, kwa jina lake. Kuhusu kuumiza mtu kwa uzembe, nilisema, hilo ni jambo jingine, hilo linamtafuta mtu mwenyewe, mkono wenyewe uliofanya. Baba akauliza, je, mkono huo ukiwa wa mtu asiyejua tena leo ni siku gani? Nikasema polisi hawatakuwa na hamu naye. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, safi, iliyopangika. Baba akaitikia kwa kichwa, na kesho yake akaagiza fomu.

Kwa hiyo ujue fomu hiyo ni nini. Ni ombi la Bibi kuwekewa msimamizi, ili asiwe na uamuzi juu ya mali yake wala mahali pa kuishi. Wewe na mimi tunaulizwa maoni kwa sababu sisi ni ndugu wa karibu. Baba anafanya hivi kwa mapenzi, anaamini anamkinga. Ameshang'oa vitufe vya jiko ili asiwashe moto. Ufunguo wa kibanda anatembea nao mfukoni. Kuna chumba kinamngoja katika nyumba ya wazee Rudkøbing kuanzia Agosti. Nilikiona. Kina dirisha linaloangalia maegesho ya magari.

Na Bibi hapingi. Wiki ya kwanza alipinga. Alimwambia Baba, akimwita kwa jina lake, "Ole, mimi nimepika sharubati kabla hujazaliwa, usinifundishe rangi yake." Sasa hasemi hivyo tena. Juzi alinishika mkono akanieleza alivyofanya. Alisema anakumbuka dumu lilivyokuwa zito. Anakumbuka kwamba lilimtoka kidogo likamwagikia sakafuni, na harufu ilimjia lakini hakuijali. Alikuwa analia bila sauti. Sidsel, alikuwa anakumbuka kitu ambacho hakikutokea.

Najua hakikutokea kwa sababu dawa ile niliimimina mimi.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 25. Bomba la dumu lilikuwa limepasuka na dawa inavuja. Baba alikuwa shambani. Nilihamishia iliyobaki kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo ilipojaa ikabaki dawa ya kujaza kama chupa moja. Mbele yangu palikuwa na kreti ya chupa za Bibi zilizooshwa. Nilichukua moja, nikaijaza, nikafunga kizibo cha waya, nikaiweka dirishani pa chumba cha kuoshea. Nilijiambia nakwenda kuchukua kalamu niandike. Nikiwa uani Kaj Ove alinipigia kelele kutoka barabarani, "Bi Wakili! Wamenijibu, njoo usome!" Nikaenda. Nilisoma barua yake ya viatu, nikamtungia majibu, akanisifu, na sikurudi. Kutoka siku ile hadi Jumamosi sikuikumbuka hata mara moja. Bibi akaikuta, chupa yake, imefungwa kama anavyofunga yeye, kioevu cha rangi ya njano hafifu ndani. Akaona tumeisahau. Akaibandikia karatasi yake. Wewe ungefanya vivyo hivyo. Yeyote mwenye akili timamu angefanya vivyo hivyo. Na yale maneno yake, changanya na maji, ndiyo yaliyomwokoa yule mzee.

Hilo bado si baya kuliko yote. Baya ni kwamba nilijua tangu polisi walipotaja neno mabomba. Nilijua kwamba chupa ilikuwa moja tu. Siku mbili nzima Baba alizunguka kisiwa akiogopa kwamba kuna mtoto mahali fulani anakunywa, na Bi Hjortkær akauliza mara tatu kama tunadhani kuna nyingine, nami nilikuwa nimeketi pale, najua, na sikusema. Ningewaondolea hofu kwa sentensi moja. Nilikuwa naihesabu sheria badala yake: uzembe, kumbukumbu ya polisi, leseni ya uwakili ambayo sitapewa. Halafu walipoanza kumtazama Bibi, nilishusha pumzi. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta, lakini ni kweli. Nilishusha pumzi.

Kila nikifumba macho naiona bilauri ya pili, ya yule mtoto, imejaa juu ya meza, inangoja barafu.

Leo asubuhi nimempigia simu Bi Hjortkær nikamwambia. Aliniambia niandike kila kitu kwa mkono wangu na nisizungumze na mtu mwingine kabla ya polisi kuja Jumanne. Hilo sikuliweza. Baba nimemwambia zizini, kati ya ng'ombe na ng'ombe. Hakunipigia kelele. Alizima mashine, akasimama akiwa amenipa mgongo, akaniuliza kama Jumatatu ile, simu zilipokuwa zinalia, nilikuwa najua. Nikasema ndiyo. Akawasha mashine tena. Tangu hapo hajasema nami.

Kisha nikaenda kwa Bibi. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamweleza kila kitu, chupa, dirisha, kalamu. Alinisikiliza hadi mwisho. Alinipapasa nywele, akaniambia kwamba mimi ni mtoto mwenye moyo mzuri, lakini nisijitwishe mzigo wa kumwokoa yeye, maisha yangu bado marefu. Alisema, "Alberte, mimi nakumbuka vizuri. Niliimimina mimi." Nikamwapia. Akatabasamu kama mtu anayemvumilia mwongo mdogo. Nimeenda mara tatu leo, Sidsel. Kila nikimweleza zaidi, ndivyo anavyozidi kuamini kwamba nampenda.

Hawezi tena kuniamini mimi. Wewe hukuwapo, huna sababu ya kumkinga wala ya kujikinga, na hajawahi kukukuta ukisema uongo. Usitie sahihi. Ukipata ruhusa, hata ya siku nne, njoo umwambie wewe. Wasalimie wenzako wa hospitalini, na umshukuru yule mama mwenye nyumba kwa soksi alizoniletea. Baba hakunipa salamu za kukuletea. Bibi anakusalimu sana, anasema uvae vizuri.

Mdogo wako,
Alberte