Laptopu Uliyoiamuru Ife

Chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mkeo hajambo? Watoto je? Mimi sijambo, ila magoti hunisumbua asubuhi.

Laptopu uliyoniachia ilikuwa ikiendelea vizuri kwa kadiri ya umri wake. Betri ilikufa zamani, hivyo haitoki kwenye umeme. Bawaba imevunjika, kwa hiyo kioo nimekiegemeza kwenye kopo la unga, na kitufe cha herufi M nakibonyeza kwa ncha ya penseli. Programu nimezifuta zote, nikabakiza ya kuchapia. Nikiiwasha naenda kuoga; nikirudi huwa tayari. Kwa mashine hiyo mchapishaji alikuwa bado ananiletea miswada niisahihishe, na sikuwa na kazi nyingine.

Mwezi uliopita feni ilianza kukoroma, nikaipeleka kwa fundi aisafishe. Akaniambia, "Mzee, hii ni marehemu. Tuiombee tu." Nikamjibu anipe maiti yangu nikazike mwenyewe. Mama yako akanipokea mlangoni: "Basi, kaka, sasa upumzishe macho." Nikamwandikia mchapishaji kwamba nimeacha kazi.

Jana niliichomeka kwenye umeme, kwa mazoea tu, nikaenda kuoga. Niliporudi ilikuwa imewaka, na feni haikoromi.

Nilimfuata fundi. Akajikuna shingo. "Mzee wangu, mimi nilitumwa. Mpwa wako alipiga simu, akasema umechoka ila hujui kuacha." Nyumbani nilimuuliza mama yako kama alijua. Akaendelea kukunja nguo.

Wewe nilikufundisha kusoma kwenye meza hii hii. Ulipotaka nipumzike, ungeniambia. Ningekukatalia, tungegombana, tukayamaliza. Badala yake ulimtuma mtu baki anidanganye, na dada yangu akanyamaza. Hilo limeniuma kuliko kuitwa mzee.

Nimemwandikia tena mchapishaji. Hajajibu. Huenda amekwisha kumpata mwingine.

Nisalimie mkeo na watoto, na dada yako Chiriku, ambaye naamini hamkumshirikisha kwa kuwa siri humtoka kabla hajaketi. Mama yako anakusalimu, hajui ninayokuandikia. Mungu ailinde nyumba yako, na akujalie watakaokwambia ukweli utakapozeeka.

Ulipoondoka uliniambia, "Itumie, Mjomba, mpaka ikatae." Barua hii nimeichapa kwayo. Haijakataa.

Wako akupendaye, hata wiki hii,
Mjomba.