Msiupasue Mtumbwi wa Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni mdogo wangu Nyanjura, basi asiruke mstari hata nikimtania. Goti lako limepoa? Mimi mzima. Nimenenepa, suruali niliyokuja nayo Mwanza haifungi.

Mama, kuna neno nataka kulifuta. Kwetu mtumbwi wa marehemu hauguswi mpaka mtoto wa kiume aseme. Mjomba alipoleta dagaa hapa mjini, akaniuliza habari ya mtumbwi wa Baba mbele ya vijana wenzangu. Nikajidai: “Upasueni kuni! Mimi siku hizi naunda boti za injini!” Akanitazama, akasema, “Haya, mkubwa.”

Msiupasue.

Tunaunda boti za hawa matajiri wapya wa sangara walioletwa na soko huria. Kazi yangu ni kukagua mbao. Sawa, nazibeba, lakini nazikagua nikiwa nimezibeba. Siku moja fundi wetu alipasua gogo lililooza, ndani mna funza weupe wadogo. Nikamtia mmoja kwenye kopo pamoja na ungaunga wa gogo lake. Juzi nafungua, nakuta kidudu cheusi, mkia umechongoka. Kukigusa tu, kikapiga sarakasi!

Nyanjura, ni walewale wa kwenye maua ya maboga, tuliokuwa tukiwashindanisha huku Baba anacheka mpaka anakohoa. Wako hakuwahi kushinda, usimdanganye Mama.

“Kumbe hujui?” fundi akaniambia. “Hao wa kwenye maua wamekulia kwenye mti unaooza.”

Na kando ya maboga yetu, mti unaooza ni upi kama si mtumbwi wa Baba? Nikaketi juu ya gogo, shavu mkononi. Mimi, Mama! Mpaka fundi akaniuliza kama jino linaniuma.

Miaka miwili sijaukalia ule mtumbwi, miguu kwenye majani ya maboga, nasubiri uniite kula. Hapa nakula nimesimama.

Kuni msihangaike. Jumamosi nitapakia vipande vya mbao kwenye boti ya kuja huko, magunia mawili, vikavu vitupu.

Msalimie Bibi, mwambie bado sijaoa, apunguze maombi. Jirani yetu katekista naye namsalimu. Na Mjomba, mwambieni “mkubwa” anaomba radhi.

Ila kama shoka limeshapita, Mama, msiniandikie. Acheni niendelee kuuona.

Mwanao anayekukumbuka kuliko anavyosema,
Masatu