Kuhusu Miadi ya Macho ya Mama na Ile Alama ya X

Chumba Namba 9, Ghorofa ya Tatu,
Juu ya Duka la Vioo.
Tarehe 14 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, zikiwa zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri kama inavyostahili kwa dada aliye mbali. Natumaini kwamba barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuacha, na kwamba shemeji na wanao ni wazima. Sisi huku tu wazima, isipokuwa jicho moja, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Unafahamu kwamba kabla ya kazi hii nilikaa miaka kumi na moja nje ya mahakama nikiwaandikia watu maombi yao, na kwamba uandishi sikufundishwa na mtu, niliusaka mwenyewe. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kila nikimtaja mama yako mzazi, Mama Mdogo wangu, unanikatiza kwa "yaishe, mdogo wangu", na isitoshe simu haina mahali pa kutia saini. Jambo hili linahitaji saini yangu.

Umeagiza Mama ahame vyumba vyake viwili mwisho wa mwezi huu, akakae chumba cha uani kwa wifi yako. Na bila yeye kujua, cherehani yake umemwahidi huyo wifi. Umefanya hivyo kwa kuamini kwamba akili imeanza kumtoka, na sababu ni moja tu: kliniki ya macho ilikuambia kwamba alifuta mwenyewe, kwa simu yake, miadi ya kuondolewa mtoto wa jicho, naye akaapa kwamba hakuifuta. Ukahitimisha kuwa ama amesahau, ama anaogopa kisu na kusema uongo. Naomba kwa heshima kukujulisha kwamba hitimisho lako si sahihi kwa pande zote mbili.

Huenda hujapata kuielewa kazi yangu. Ofisini kwetu tunatengeneza kurasa za mtandao. Mimi ninaandika programu ya upande wa mbele, yaani kila kinachoonekana na kubonyezwa. Anayeamua kionekane vipi ni bwana mmoja mwenye cheo kirefu kuliko kazi yake: Mbunifu Mkuu wa Uzoefu wa Mtumiaji. Huvaa miwani isiyo na nambari, ya urembo tu, na akiwa na miwani hiyo puani alikabidhiwa ukurasa wa kuwekea miadi wa kliniki hiyo hiyo ya macho.

Ukutani amebandika picha ya msichana anayecheka, kikombe mkononi. Wamempa jina la Bi Tabasamu. Ndiye mgonjwa wa mfano, wa kubuni, mwenye umri wa miaka ishirini na sita na macho yasiyo na kasoro yoyote. Kila palipozuka swali, walimgeukia na kuulizana Bi Tabasamu angependa nini. Ni watu wazima hao, Dada, wenye shahada zao, wameketi mbele ya karatasi wakiihoji. Karatasi ikasema inapenda maandishi madogo ya kijivu juu ya weupe. Ikasema maneno yanachafua ukurasa, afadhali alama. Ikasema kuulizwa "una hakika?" kunaichosha. Kliniki yenyewe iko mwendo wa dakika saba kwa miguu, na benchi lake limejaa wagonjwa wa kweli ambao wangefurahi kuulizwa chochote. Hakuna aliyevuka barabara.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Ukishaweka miadi, tarehe yako inatokea ndani ya kisanduku, na kwenye kona ya kisanduku kuna alama ya X. Popote pengine duniani alama hiyo ni ya kufunga unachokitazama. Mkuu wetu aliamuru kwamba hapa iwe ya kuifuta miadi, papo hapo, bila swali, kwa kuwa kona hiyo ilionekana tupu na yeye hapendi vitufe viwili panapotosha kimoja.

Niliandika pingamizi tatu, zenye aya zilizopewa nambari. Ya kwanza alinijibu kwa picha ya dole gumba. Ya pili hakuijibu. Ya tatu aliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, akitulia kila penye nukta, kisha akasema, "Mzee wa Mahakama ametushtaki tena." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Tangu siku hiyo hilo ndilo jina langu.

Wiki mbili zilizopita, Mama alipogombezwa na kila mtu, nilimwomba anionyeshe kwenye simu yake alichofanya siku ile. Akaonyesha. Aliweka miadi vizuri, akaisoma tarehe mara mbili, akasema, "Halafu nikafunga," akabonyeza ile X. Dada, hapo nikajua miadi ilikokwenda.

Jumatatu nilimpeleka ofisini, nikamketisha mbele ya skrini, chini ya Bi Tabasamu. Nikamwomba Mkuu atazame tu bila kusema, jambo ambalo kwake ni adhabu. Mama akaweka miadi polepole, pua ikikaribia kugusa kioo, kisha akapeleka kidole kwenye kona.

"Hapana, mama, hapo usibonyeze!" Mkuu akaropoka.

"Kwa nini, mwanangu? Nimemaliza, nafunga."

"Hiyo si ya kufunga. Inafuta."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa, mama. Inajieleza yenyewe."

"Haya, basi ijieleze." Akatega sikio kwenye skrini, akasubiri. Wale wale walionicheka mimi wakaanza kubana vinywa.

"Mama, watumiaji wetu wengi wanaielewa bila shida."

"Nani, huyu?" Akamwonyesha Bi Tabasamu kwa kidevu. "Huyu haumwi. Kliniki anakwenda kufanya nini? Mimi ni fundi, mwanangu. Nikimshonea mtu suruali akakosa pa kupitishia mguu, simwambii hana akili. Naifumua." Kisha akamkazia macho. "Na hiyo miwani, inakusaidia?"

"Ni ya urembo, mama."

"Nilijua."

Siku hiyo hiyo nilifungua kumbukumbu za mfumo. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamefuta miadi yao kabla ya nusu dakika kupita tangu waiweke. Kliniki ilikuwa imewaandika watoro. Muuguzi wa zamu amewapigia, na wote waliopokea wamesema maneno ya mama yako: hawakufuta kitu. Sasa pameandikwa kwa herufi nyeusi, kubwa, "Funga" upande huu na "Futa miadi" upande ule, na atakayefuta anaulizwa kwanza. Mkuu ameandika ripoti kwamba mabadiliko hayo ni tunda la utafiti wake, na amealikwa kuwahutubia wabunifu wenzake kuhusu umuhimu wa kuwasikiliza watumiaji. Sina la kuongeza hapo. Mtu wa namna hiyo hata ukimdharau unamheshimu kupita kiasi.

Ila dharau yangu haiishii kwake. Yeye aliamuru, aliyeandika ni mimi. Vidole vyangu hivi ndivyo vilivyoifanya ile X ifute. Mtu aliyewatetea wengine kwa kalamu miaka kumi na moja, pingamizi yake ya tatu ilipochekwa alikunja mkia, akatekeleza alichojua ni kibovu, akaenda kula. Sikujiuzulu wakati ule, na sijiuzulu sasa, maana nikiondoka wagonjwa watabaki na Mkuu na karatasi yake. Lakini wewe ulistahili kujua ni nani aliyempotezea mama yako siku yake ya upasuaji, na kwamba jambo hilo halina uhusiano wowote na mahali anapokaa.

Mama amepewa tarehe mpya, 22 mwezi huu, jicho la kulia. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote wa mdogo kwa mkubwa wake, uitengue amri ya kumhamisha na uiondoe ahadi ya cherehani kabla wifi hajaja na mkokoteni. Na utakapompigia simu usimwambie kwamba umemsamehe. Hana kosa la kusamehewa. Mwambie ulikosea.

Mwanao mkubwa ameniuliza kama kazi hii inamfaa. Mwambie inamfaa, ni kazi ya heshima ikifanywa na wenye adabu. Asianze na rangi wala herufi. Aanze kwa kukaa siku tatu kwenye benchi la wagonjwa, kimya, akitazama jinsi wanavyozishika simu zao.

Msalimie shemeji, na umwambie bado nakumbuka alivyonishinda katika bao, ingawa sikubali. Msalimie mwanao huyo, na mdogo wake tunayemwita Kipini, ambaye nasikia sasa ananipita kimo. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki ya halali na macho ya kuonana tena.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na aibu yangu,

Mzee wa Mahakama

N.B. Mama hajui nilichokiandika. Ameniona tu nimeinamia karatasi, akaniambia niongeze hili: umtumie vipimo vyako vipya, kwa kuwa anasema hata sauti yako kwenye simu imenenepa, na jicho likishapona anataka kukushonea gauni. Sikumwambia kwamba cherehani umeshaigawa.