Chiti Ilisema Kuni

Kambi ya Tatu,
Kericho.
Jumapili, baada ya kanisa.

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu na za Baba, ingawa yeye hajui kwamba ninakuandikia leo. Goti lako linaendeleaje tangu mvua ianze? Na yule ndama, aliacha kuhara? Sisi huku tu wazima. Baridi ni ile ile, na chai inachumwa hata ukungu ukiwa mzito. Katika mtihani nilikuwa wa tatu darasani. Ningependa kuishia hapo, lakini nina hasira, Mama, na mwalimu wetu husema hasira iandikwe kwa mwandiko safi ili isomeke.

Nianze na jambo ambalo huenda likakuudhi wewe pia. Baba amekuwa akipiga muziki.

Si kwenye baa. Ni katika ukumbi wa kambi, Jumamosi mchana, kwenye viti vile vile tunavyokalia siku ya ibada. Bendi yao inaitwa Kambi ya Tatu Jazz. Nilimwuliza kwa nini jazz, kwa sababu mwalimu wa muziki alituwekea kaseti ya jazz ya Wamarekani na haifanani kabisa. Akacheka. "Huku kila bendi ni jazz, mwanangu, hata ikiwa ya watu watatu."

Ni watatu kweli. Arap Koech, fundi wa mashine kiwandani, mtu wa Kimulot, anapiga gita. Chelangat, muuguzi wa zahanati yetu, ametoka Kapkatet, naye anaimba. Baba alikuwa mtu wa besi. Besi yenyewe ilikuwa sanduku la chai. Kiwanda kimeacha kupakia chai kwa masanduku ya mbao, siku hizi ni magunia ya karatasi. Yale masanduku yaliyovunjika wafanyakazi waligawiwa wakapikie, na kila mtu alipewa chiti ya kumwonyesha askari wa geti. Chiti ya Baba ilisema: sanduku moja, kuni. Lakini Baba hakulichoma. Aliligongomea vizuri, akalipindua, akatoboa katikati, akafunga waya wa breki ya baiskeli na kuuvuta kwa fimbo.

Mama, natamani ungesikia. Arap Koech alianza na wimbo wa kwao wa kuswaga ng'ombe, polepole, kwa kidole gumba tu. Kisha akazibana nyuzi kwa kiganja, gita likawa linakatakata, na vijana wanaojua midundo ya Wamarekani wakaita, "Fanki, mzee, fanki." Chelangat akaimba akiwa na sare yake ya kazi. Halafu Baba akaweka mguu juu ya sanduku, na sauti ikatoka chini, nzito, nikaisikia kwenye mbao za kiti. Niliijua mara moja. Ni sauti ya obokano, kile kinubi kikubwa alichokuwa akipiga Babu. Unajua pia kwamba tangu mwaka ule wa fujo za kikabila watu wetu na wenyeji wa huku hawakai benchi moja. Siku hiyo walikaa, kwa sababu kila mtu alitaka kuwa mbele.

Wimbo wa tatu ukiwa katikati, karani wa stoo akapanda jukwaani na kushika fimbo ya Baba.

"Hii sanduku ina mhuri wa kampuni," akasema.

"Nilipewa, karani. Chiti ninayo," Baba akajibu.

"Chiti inasema kuni. Kama ni kuni, mbona haijachomwa? Na kama si kuni, umeiba."

Mama mmoja mchuma chai akasema kutoka nyuma, "Karani, hata kile kiti ulikuwa umekalia ni mbao. Kichome basi tuote moto." Watu wakacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomharibia Baba. Karani alilichukua sanduku, na Jumatatu Baba akaitwa ofisini.

Yaliyotokea huko niliambiwa na Arap Koech, maana Baba hasemi. Meneja aliuliza swali moja tu. Hii ni kuni, au ni chombo cha muziki? Akisema ni chombo, ni wizi: kazi imekwisha, na nyumba tunarudisha. Akisema ni kuni, asamehewe, lakini ichomwe. Arap Koech, aliyekuwa ameitwa pamoja naye, alimnong'oneza, "Sema ukweli, mzee, tutasimama na wewe." Baba akasema, "Nina mtoto shuleni. Ni kuni."

Wakamfanya alibebe mwenyewe hadi kwenye tanuri la boila kiwandani, likachomwe. Mwenyewe, Mama. Mtu aliyepakia chai yao miaka kumi na moja. Jioni alikuja akasonga ugali kama kawaida, akaniuliza habari za hesabu. Mimi nilishindwa kula. Nimefundishwa kwamba kitu kilichotolewa kimetolewa, na mwenye nacho ndiye anayejua ni cha nini. Je, mtu akikupa mahindi ule, nawe ukapanda, umemwibia?

Sasa ombi langu, na tafadhali usilikatae kabla ya kumaliza kusoma. Najua ulipookoka mlipatana kwamba nyimbo za dunia zisiingie nyumbani, na Baba akaipandisha obokano darini. Alitimiza ahadi miaka yote hiyo, na mimi sikuwahi kumsikia akipiga hata mara moja kabla ya bendi hii. Lakini nilimwona uso Jumamosi ile. Sikuona dhambi. Niliona mtu aliyepumzika.

Nisalimie Nyanya, mwambie unga wake wa wimbi ulifika. Moraa, mdogo wangu, asichore kwenye madaftari yangu ya zamani. Kiongozi wa kwaya yako mwambie Chelangat angemfaa sana kwenye sauti ya kwanza. Na Mjomba Ombati umsalimie zaidi ya wote, kwa sababu lori lake la ndizi linakuja Kericho Ijumaa, na katikati ya mikungu kuna nafasi ya kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi watapiga tena. Arap Koech amesema mahali pa Baba patabaki wazi pale katikati, hata kiti hakitawekwa. Babu aliichonga obokano ile kwa mti wa shamba lake na kuiwamba ngozi ya ng'ombe wake. Nimekumbuka kila upande wake, Mama. Haina mhuri wa mtu yeyote.

Ni mimi mtoto wako anayekutii, isipokuwa leo,

Kerubo