Mshale Ulioporomoka

Jumamosi, jioni. Dubai imeloa jasho leo. Hata kioo cha dirisha langu hapa Al Qusais kinatiririka maji kwa nje. Nimeoga mara mbili na hasira haijatoka.

Asubuhi nilibeba familia ya Kitanzania, mfanyabiashara wa Deira na mama yake aliyekuja kumtembelea kutoka Tanga. Mimi ndiye nahodha wa hiyo boti ya kukodi. Tulishauacha ufuo mbali, watu wanapiga picha, mara mshale wa presha ya oili ukaporomoka hadi sifuri na kengele ikaanza kulia.

Nikazima injini.

Nikatia nanga, nikapima oili kwa kijiti. Imejaa. Lakini oili kujaa si kusema pampu inaisukuma, na injini ikizunguka kavu haichukui muda kufa. Nikaita boti ya kutuvuta.

Ikachelewa. Tukawa tunayumba pale, jua limetukalia utosini, na yule mama akaanza kutapika. Nikamshikia ndoo huku nampepea. Mwanawe akanisimamia juu ya kichwa.

"Dada, injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Washa turudi."

"Siwezi, kaka. Ikitufia kwenye njia ya meli kubwa tutakuwa pabaya zaidi."

"Mama yangu anaumwa, wewe unaangalia mishale."

Nikaendelea kumpepea. Mama yake nilikuwa namwona.

Tulipofika gatini, fundi wetu Shabani akafunga geji yake mwenyewe. Presha nzuri. Kilichokufa ni sensa inayouongoza mshale, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kimeliwa na chumvi. Injini yenyewe ni nzima.

Yaani nimemtesa mama wa watu bure.

Arbab, bosi wetu mwenye boti, akapiga simu. Kasema gari lake linawaka taa ya onyo kila siku na bado analiendesha. Sensa mpya itaagizwa wiki ijayo, inshallah. Kesho boti itatoka na nahodha mwingine, mimi nije kusafisha. Khalas, yameisha. Shabani, kwa huruma zake, akataka kukata waya wa kengele nisisumbuliwe tena. Nikamkatalia kwa ukali ambao hakuustahili.

Kusafisha hakuniudhi. Kinachoniudhi ni kwamba sina cha kuwaonyesha. Ningeiwasha ikavunjika, ningeitwa mzembe. Nimeizima ikakutwa nzima, naitwa mwoga. Kule baharini sikuwa na Shabani wala geji ya pili. Nilikuwa na mshale mmoja na roho za watu.

Baada ya magharibi nimempigia huyo nahodha mwingine, Mganda mmoja mpole. Nimemwambia geji ya oili haisemi kweli. Akitoka na boti hiyo, presha ikishuka kikweli hatajua.

Akaniuliza, "Wewe ungetoka nayo?"

"Singetoka."

"Basi na mimi sitoki."

Sasa tumekuwa wawili wa kukaripiwa. Kesho nitawahi gatini, nimsubiri Arbab nikiwa nimesimama.