Mkungu Kutoka Kibanjani

Mjukuu wangu Anitha,

Marahaba. Huku Isingiro tupo. Shangazi yako amejifungua wa kike.

Unauliza watu wa hicho kijiji cha Poland unakosoma waliwezaje kuishi katika nyumba za Wajerumani waliofukuzwa baada ya vita, huku makaburi yao yakiwa pale pale.

Inawezekana, mjukuu wangu. Nilipokuwa msichana tulitoka Rwanda, tukapewa kibanja, nyumba na shamba lake la migomba, ambacho wenyewe walikuwa wamehamishwa. Migomba ilikuwa imeshazaa, na katikati palikuwa na kaburi lililopandwa kichwani mlamula, mmea wa huku wa kuwekea alama makaburi. Mama alilipalilia kama la ndugu yake. Siku moja akaja mwanamke tusiyemjua, akapiga magoti pale kaburini. Mama alimkatia mkungu wa ndizi, akaukataa.

"Utanipaje mkungu wangu mwenyewe?"

Babu yako tulimzika jirani na kaburi hilo. Mwaka huu baba zako wadogo wamekiuza kibanja, mimi wamenipangishia chumba huku barabarani. Aliyekinunua ni mtu mwema, anapalilia makaburi yote mawili. Jana aliniletea mkungu.

Niliupokea, Anitha. Nikamwambia asante.

Bibi yako